Mchagua Jembe: Juu ya Ala, Elimu na Ijaza ya Mtunzi

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Walimu wa Kiswahili tumeifundisha methali hii kwa miaka mingi, na aghalabu tumeieleza kwa njia moja tu: kwamba mvivu hutafuta udhuru katika zana, hali mwenye nia hulima kwa jembe lolote alilolipata. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Liko swali ambalo methali haikuliuliza, nalo ni hili: jembe lenyewe limetoka wapi, na shamba linalolimwa ni la nani? Katika makala haya nakusudia kulichungua swali hilo kwa kutazama kazi moja ya siku hizi ipendwayo na vijana wetu wengi, yaani kazi ya kuchukua muziki uliokwisha kuimbwa na kuufinyanga upya kwa kompyuta au kwa simu. Wenyewe huiita rimiksi.

Huenda msomaji akauliza, mambo ya kompyuta na midundo yawahusu nini walimu wa lugha? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, udongo unaofinyangwa ni sauti za waimbaji wetu na maneno ya lugha yetu. Pili, kijana anayeianza kazi hiyo huuliza swali lile lile ambalo mwanafunzi yeyote humwuliza mwalimu wake: nianze na chombo gani, na nijifunze kwa nani? Mwenye kulijibu swali hilo anafundisha maadili, apende asipende.

Kabla ya kwenda mbele na tuieleze kazi yenyewe, ili tusibishane juu ya kitu tusichokijua. Programu ya muziki ni karakana iliyomo ndani ya kompyuta. Sauti huingizwa humo, ikaonekana kwenye kioo kama mchoro wa mawimbi. Fundi hukata kipande, pengine neno moja, pigo moja la ngoma au pumzi moja ya mwimbaji, akakirudia mara mia, akakiharakisha au kukipunguza mwendo, akaipandisha sauti, kisha akatandika mdundo mwingine chini yake. Programu za namna hii ni nyingi. FL Studio ilianza Ubelgiji mwaka 1997 mikononi mwa Didier Dambrin, wakati huo ikiitwa FruityLoops. Hiyo huuzwa, na toleo lake la chini limekuwa likiuzwa kwa karibu dola 100 za Marekani. Mtu aweza kuijaribu bila malipo, lakini kazi aliyoihifadhi hawezi kuifungua tena mpaka alipe. Audacity ilitolewa mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani. Hiyo ni ya bure, na maandishi ya ndani yaliyoiunda yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma na kuyarekebisha. LMMS nayo ni ya bure vile vile, na imeundwa mahsusi kwa kupanga midundo na ala. Tofauti hizi za bei na masharti zaonekana kuwa mambo ya biashara tu. Tutaona kwamba sivyo.

Sasa na tulipeleke swali letu mahali, kwa kuwa swali la maadili lisilo na mahali huelea kama dau lisilo na nanga. Rongui ni kisiwa kidogo katika wilaya ya Palma, kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, nchini Msumbiji. Kimo katika msururu wa visiwa vya Kirimba, jirani na Tekomaji na Vamizi, na ni mahali pa wavuvi. Katika pwani ile husikika Kimwani, Kimakwe, Kimakonde na Kiswahili, pamoja na Kireno cha shuleni na cha ofisini. Na vyombo vilikuwa vikienda na kurudi baina ya pwani hiyo na Mtwara tangu kabla Wareno na Wajerumani hawajakubaliana juu ya mpaka wa Ruvuma mwaka 1886. Wanawake wa pwani ya kaskazini ya Msumbiji wanajulikana kwa tufo, ngoma ya matari ichezwayo kwa madaha na kuimbwa kwa pamoja, ambayo jina lake hudhaniwa kuwa na asili moja na neno letu dufu.

Na tumfikirie kijana wa Rongui. Si mtu fulani. Ni mfano tu wa hoja. Ana simu, na ana kompyuta kuukuu iliyovuka maji kutoka Mtwara, na moto wake ni wa jua. Ndani ya simu hiyo mna nyimbo za singeli za Dar es Salaam. Mna pia sauti za akina mama wakiimba tufo arusini, zilizorekodiwa na mmoja wa jamaa zake. Kijana anatamani kuziunganisha sauti zile na mdundo ule wa kasi. Rafiki yake amempa kadi ya kumbukumbu yenye nakala ya FL Studio iliyovunjwa kufuli, akamwambia kwamba mafundi wa mjini hawatumii kitu kingine. Kijana anajua pia kwamba ziko programu za bure, ila pale alipo hapana hata mtu mmoja anayeweza kumfundisha kuzitumia. Je, achague ipi?

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo ni vita. Tarehe 5 Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma yenyewe. Katika miaka hiyo mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado waliyahama makazi yao. Hivyo miongoni mwa sauti zilizomo katika simu ya kijana wetu yamkini ziko za watu ambao yeye hajui wako wapi leo, kama wako kambini, kama wako kwa ndugu ng'ambo ya mto, au kama hawako tena duniani. Rekodi ya arusi moja yaweza kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki cha mkusanyiko ule wa watu. Anaponyosha kidole kukata kipande cha sauti hiyo, anagusa kitu ambacho hakitapatikana tena.

Yako maoni mawili yanayotolewa sana juu ya uchaguzi wa ala. La kwanza ndilo la methali yetu kama tulivyozoea kuieleza: ala si kitu, mtu ndiye kitu. Maoni haya yana nguvu. Vijana wa mchiriku katika Dar es Salaam walitumia vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingineko vilionekana kuwa vitu vya watoto kuchezea, wakavitolea muziki wenye sura yake. Na waliofuata baada yao, watayarishaji wa singeli katika mitaa kama Mburahati na Tandale, walitumia kompyuta za kawaida na programu kama FL Studio na VirtualDJ. Walichukua vipande vya ala vya nyimbo za taarab, wakavirudia na kuviharakisha hata mapigo yakapita 200 kwa dakika na kukaribia 300. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko uitwao Sounds of Sisso, na muziki uliozaliwa katika sherehe za uswahilini ukasikika Ulaya.

Lakini mfano huo huo ukitazamwa vema unayapinga maoni yanayodaiwa kuungwa mkono nao. Kama ala si kitu, mbona singeli haikuzaliwa kwa udi na fidla? Mwendo ule na marudio yale ni tabia za chombo. Chombo kinachoweza kurudia kipande bila kuchoka humfundisha mtumiaji wake kupenda marudio, kama vile kalamu ya mwanzi ilivyomfundisha mwandishi wa zamani kupenda mkato wa herufi. Basi ala ni mwalimu pia, na mwenye kuchagua ala huchagua kufundishwa naye.

Maoni ya pili ni kinyume chake: kwa kuwa ala ni mwalimu, mwanafunzi na atafute iliyo bora kupita zote, aipate kwa njia yoyote. Hapa yafaa tukumbuke kisa mashuhuri katika historia ya taarab. Inasimuliwa kwamba Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipopendezwa na muziki wa Misri hakutosheka na kuleta ala. Alimpeleka Kairo mtu wake, Mohamed Ibrahim, akajifunze kupiga ganuni kwa wenyewe. Mtawala yule alikuwa na mali ya kununulia ganuni kumi. Alichokosa ni mkono unaojua, na mkono unaojua hauuzwi sokoni. Baadaye, mwaka 1905, kilipoundwa chama cha Ikhwani Safaa katika Unguja, elimu ile ilipata nyumba, kwa maana ya watu wanaokutana, wanaosikilizana na kusahihishana.

Kwa hivyo twaweza kusema kwamba maoni yote mawili yana kasoro moja. Yote humtazama mwanafunzi peke yake na chombo chake, kana kwamba yuko jangwani. Kumbe hakuna mtu ajifunzaye hivyo. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, yaani hujifunza kwa kuwa karibu na moto wa baba yake, kabla hajashika nyundo. Kijana anapouliza programu gani ni bora, swali lililo chini ya swali lake ni hili: niwe mwanafunzi wa nani? Rafiki aliyempa kadi alikuwa na haki katika jambo moja. Programu ambayo wenzako wanaijua ina faida kubwa kuliko ile iliyo bora isiyojulikana na mtu karibu nawe. Ukikwama usiku, wa kwanza atakupa neno la kukukwamua; wa pili atakuwa bubu.

Je, basi tuseme kijana aichukue nakala ile iliyovunjwa kufuli kwa kuwa ndiyo ya wenzake? Hapa ndipo penye ugumu, na sipendi kuupita mbio.

Hoja za kumtetea si za kupuuzwa. Dola 100 kwa mvuvi wa kisiwani si bei ya chombo cha kujifunzia; ni bei ya nyavu. Mwenye programu, watasema, hakupungukiwa na kitu, kwa sababu kijana yule asingeinunua kamwe. Nakala si kama kuku, kwamba ukimchukua banda la mwenzako linabaki tupu. Watasema pia kwamba nyimbo za pwani yetu zimekuwa zikichukuliwa bila ruhusa na watu wa mbali tangu santuri zilipoanza, na hakuna aliyejali. Leo mtoto wa pwani akichukua kidogo, ndipo inapokumbukwa haki.

Hoja hizi zinatufundisha kutokuwa wepesi wa kumwita kijana mwizi. Hata hivyo hazithibitishi kwamba amefanya vema. Hoja ya umaskini ingekuwa na nguvu kamili kama pasingekuwa na njia nyingine. Lakini ipo, na ni ya bure. Hoja ya kwamba mwenye mali hakupungukiwa, kijana mwenyewe ataikataa siku wimbo wake utakapochezwa Mtwara na Pemba chini ya jina la mtu mwingine. Siku hiyo hatauliza kama amepungukiwa na shilingi ngapi. Atasema, kazi ile ni yangu. Na hoja ya dhuluma za zamani ni malalamiko ya haki, ila deni alilokunyima mmoja huwezi kulidai kwa mwingine.

Kwa maoni yangu iko sababu nyingine iliyo nzito kuliko hizi tatu, nayo imo katika desturi yetu wenyewe. Katika vyuo vya pwani, mwanafunzi aliyesoma kitabu kwa mwalimu hakuwa na haki ya kukisomesha mpaka apewe ijaza. Ijaza ilikuwa ruhusa, lakini haikuwa ruhusa tupu. Ilikuja na majina: fulani alisoma kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kufika kwa mtunzi wa kitabu. Mwenye ijaza aliweza kusimama mbele ya watu akasema elimu yake imetoka wapi. Elimu isiyoweza kutajwa ilikotoka ilitiliwa shaka, hata kama ilikuwa sahihi.

Sasa mtazame kijana wetu miaka kumi baadaye, amekuwa fundi, na mtoto wa jirani amemjia kutaka kufundishwa. Atamfundisha kwa chombo gani? Kama ni kile kilichovunjwa kufuli, kitu cha kwanza atakachomfundisha ni kuficha. Atamwambia bonyeza hapa, lakini usimwambie mtu tumeipataje. Hata akiwa hodari namna gani, mlolongo wa elimu yake una pete moja iliyokatika, na kila atakayemfuata atalazimika kuiruka kimya kimya. Hii ndiyo hasara ninayoihofia, kupita hasara ya kampuni ya Ubelgiji. Ala ifaayo kuchaguliwa na mwanafunzi ni ile ambayo ataweza kuitaja jina na asili yake, bila kigugumizi, siku atakapokuwa mwalimu.

Jambo hili si la pwani peke yake. Mwaka 1999 David Lloyd alianzisha Marekani jumuiya iitwayo OverClocked ReMix, ya watu wanaofinyanga upya muziki wa michezo ya kompyuta na kuutoa bure. Kazi zinazoletwa husikilizwa kwanza na jopo la waamuzi, na nyingine hurudishwa kwa mwenyewe azirekebishe. Kila kazi inayotolewa huambatana na jina la mchezo ulikotoka muziki wa asili, na jina la mtunzi wake. Watu wale hawajui neno ijaza, lakini wamelifikia jambo lenyewe kwa njia yao: anayechukua ataje, na anayejifunza akubali kusikilizwa na waliomtangulia. Vivyo hivyo hati za ruhusa za Creative Commons, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, humwezesha mwenye kazi kutangaza mapema anachoruhusu na asichoruhusu, na sharti lililoenea sana kati ya masharti hayo ni kutaja jina.

Tumezungumza juu ya jembe. Limebaki shamba, yaani sauti za akina mama zilizomo katika simu.

Kuazima lahani si jambo geni kwetu, wala si la aibu. Taarab yenyewe imekulia katika kuazima. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kila mahali kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi, na wasikilizaji wake walijua, tena walifurahi kujua. Uazimaji ule ulikuwa wa wazi, na mwazimaji alitia jasho lake, kwani alileta maneno mapya, koo lake na wapigaji wake. Mshairi anapofuata bahari iliyotungwa na mwingine hafanyi kosa, kwa kuwa mizani ni njia ya umma.

Lakini rimiksi ina jambo ambalo uazimaji wa zamani haukuwa nalo. Haichukui lahani tu. Inachukua koo lenyewe. Sauti iliyokatwa kwa programu ni ya mwanamke fulani, aliyevuta pumzi fulani, mbele ya watu fulani. Linganisha na Siti binti Saad. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba mbele ya mitambo ya santuri. Alijua kwamba sauti yake itatiwa katika sahani na kusikika asikokuwapo, aliipeleka mwenyewe. Mama wa Rongui aliyeimba arusini hakuipeleka sauti yake popote. Aliimba kwa ajili ya bibi arusi na waliokuwa uani, na pengine maneno mengine aliyasema kwa sababu alijua nani yuko na nani hayuko.

Hapa mtetezi wa singeli atanipinga, na pingamizi lake ni zuri. Atasema: vijana wa Mburahati wangengoja ijaza ya kila mpigaji wa taarab ambaye kipande chake kilirudiwa, singeli isingezaliwa, na sote tungekuwa maskini zaidi. Nakubali kwamba mengi mazuri yamezaliwa bila ruhusa. Lakini nyimbo zile zilikuwa zimekwisha kutolewa hadharani na wenyewe, zikiuzwa na kuchezwa redioni, na walioimba walijulikana. Deni la namna hiyo hulipika hata baadaye, kwa kutaja na kwa kugawana kinachopatikana. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka msingi wa jambo hilo na kuunda COSOTA, na Msumbiji nayo ilitunga sheria ya haki za watunzi mwaka 2001. Wimbo wa uani ni jambo jingine. Mwenyewe hakuutoa, na kwa hali ya vita huenda asionekane tena. Sheria haiwezi kumsaidia, maana yeye hatakwenda mahakamani. Anayeweza kumlinda ni kijana yule peke yake, usiku, mbele ya kompyuta yake.

Basi afanyeje? Nadhani yako mambo matatu ambayo hayahitaji mahakama. La kwanza ni kuhifadhi rekodi ya asili kamili, bila kuigusa, na kufanya kazi juu ya nakala. Sauti iliyo ya pekee duniani haifanyiwi mazoezi. La pili ni kuuliza. Tufo haiimbwi na mtu mmoja; ni ya kikundi, na kikundi kina wakubwa wake. Asipoonekana mwenye sauti, huenda akaonekana dada yake, au kiongozi wa kikundi, au hata mmoja tu aliyekuwapo siku ile, anayejua kama wimbo ule ulikuwa wa nje au wa ndani. Huyo ndiye mwenye haki ya kutoa ijaza, na akitoa, majina na mahali vitajwe pamoja na wimbo. La tatu ni gumu. Asipopatikana mtu yeyote wa kuulizwa, sauti ile na ihifadhiwe, wala isitangazwe. Kijana atapoteza wimbo, na pengine ungekuwa wimbo mzuri kuliko zote alizopata kuutunga. Sitaki kuifanya hasara hiyo ionekane ndogo. Lakini wako watu waliokwisha kunyang'anywa nyumba, mashua na makaburi ya wazee wao bila kuulizwa. Kuwaongezea jambo la nne, hata kwa nia njema ya sanaa, ni kuwafanya kwa mara nyingine kuwa watu ambao vitu vyao huchukuliwa tu.

Wapo watakaosema kwamba kunyamazisha sauti ni kuiua, na kwamba kuitangaza ndiyo njia ya kuwakumbuka waliopotea. Ni neno la huruma, nami naliheshimu. Walakini kumkumbuka mtu ni kumkumbuka kwa jina lake na kwa alivyopenda kuonekana. Kipande cha pumzi yake kilichorudiwa mara mia katika sherehe ya watu wasiomjua, bila jina, hakimkumbuki yeye, chamtumia.

Kabla sijamaliza, sina budi kurudi kwetu sisi walimu. Nimesema kwamba kijana huchagua programu kwa kuwafuata wanaoweza kumfundisha. Nimesema pia kwamba njia ya bure na ya halali ipo, lakini pale alipo ni bubu. Kama maneno haya mawili ni ya kweli, basi sehemu ya lawama inaangukia wale wenye elimu ambao hawakuifikisha. Mafunzo ya programu za bure yamejaa katika Kiingereza. Katika Kiswahili ni haba, na mtu asomaye Kiswahili na Kireno kidogo hana pa kushika isipokuwa kadi ya rafiki yake. Kumhubiria uaminifu mtu tusiyempa njia ni rahisi mno.

Kazi hiyo imo ndani ya uwezo wetu. Inahitaji watu wa lugha wakae na watayarishaji wa muziki, wayakusanye maneno ambayo mafundi wenyewe tayari wanayatumia kwa kukata, kurudia, kuharakisha na kupandisha sauti, kisha waandike masomo mafupi, somo moja kwa jambo moja, yanayoweza kusomwa katika simu isiyo na mtandao na kupitishwa kutoka kadi hadi kadi. Njia zile zile zinazopitisha nakala zilizovunjwa zaweza kupitisha masomo hayo mpaka Palma na Rongui. Na ukurasa wa kwanza wa somo la kwanza na ueleze programu hii imeundwa na nani, na kwa masharti gani wameturuhusu kuitumia, ili mwanafunzi aanze na mlolongo mzima.

Yamebaki maswali ambayo nawaachia wasomaji. Je, kiongozi wa kikundi aweza kweli kutoa ijaza kwa niaba ya mwimbaji asiyekuwapo? Je, miaka mingapi ipite kabla wimbo wa uani haujawa wa umma, au haiwi hivyo kamwe? Wenzangu wa Mtwara, Lamu, Ngazija na Cabo Delgado wanaoishi karibu na ngoma hizi watakuwa na majibu yaliyo bora kuliko yangu, na yafaa wayaandike.